Ncha ya Mbele

Koplo Bituro alitupanga Kisesa, kwenye vumbi la ginnari,
vijana kumi na watatu na bunduki moja ya kweli;
wengine tulishika fito.
"Vitu ni vitatu," alisema, akichora chini kwa kisigino:
"mwanya wa nyuma, ncha ya mbele, na adui.
Jicho ni bahili. Likienda sokoni hununua kimoja tu.
Mtanunua kipi?"

Ngollo akajibu: adui.
Akazungushwa uwanja mara sita, fito juu ya kichwa.

"Ncha! Ncha iwe nyeusi, kali, kama mwiba wa furu kooni.
Mwanya uwe na ukungu kidogo, usijali.
Adui naye afifie. Mwache afifie.
Awe doa, kama mtu nyuma ya moshi.
Mwanga sawa kulia, mwanga sawa kushoto,
kichwa cha ncha kilingane na mabega ya mwanya,
kisha adui akae juu yake kama ndoo kichwani.
Vuta pumzi. Toa nusu. Nusu nyingine kopa.
Kidole kikaze polepole, kama unamkamua mbuzi usiyemwamini,
na mlio ukushtue wewe mwenyewe."

Nilipewa risasi tano. Nne zilitoboa debe.
Ya tano iligonga mwamba ikaenda zake ziwani;
mpaka leo sijaisikia ikitua.

Miaka thelathini na minne nimekuwa kidole cha Kayenze.
Viboko tisa, mamba wawili,
na mbwa mwenye kichaa wa mama Holo, niliyemjua kwa jina.
Wote walikuwa madoa.
Nilirudi nyumbani, nikala, nikalala.

Machi hii kiboko ameingia tena mashambani,
kwenye viazi vya Nyanjige, kwenye mpunga wa Mtobesya.
Kibali kimekuja, wino wa muhuri bado mbichi,
na bunduki ileile, kitako kimefungwa waya.
Nililala nyuma ya jiwe tangu alfajiri.
Magugu maji yamefunga ufuko,
wadudu wa ziwani wameinuka kama moshi usio na moto.

Nikaweka shavu. Nikatafuta ncha.
Hapakuwa na ncha.
Palikuwa na uzi uliofumuka,
kitu cheusi chenye manyoya kinachokataa kusimama.
Nikafuta jicho kwa mkono wa shati.
Nikafuta chuma kwa mate.
Wapi.

Lakini kiboko, lahaula!
Sikio lake la kulia limechanika kama jani la mgomba,
linapunga, linapunga, likifukuza inzi.
Maji yanamdondoka puani, matone ningeweza kuyahesabu.
Kovu mgongoni, refu, la panga au la mwenzake,
na nyuma ya kovu, mdogo kama gunia la nusu,
mwanawe, jani la kiazi mdomoni.

Hili hukulisema, Bituro:
kwamba uzeeni bei hugeuka sokoni,
jicho likakataa kununua cha karibu
na cha mbali likakuletea chote, bure, hata hukuagiza.

Watu walikuwa nyuma yangu kwenye majaruba, kimya,
wakisubiri mlio.
Nyanjige ana watoto wanne na msimu mmoja.
Sikusema huruma. Huruma haijazi ghala.
Nilisema: macho.
Nikamwita Nkwimba, binti wa dada yangu,
anayetunga uzi kwenye sindano bila taa.
Akalala mahali pangu, mchanga bado una joto la tumbo langu.
Bega, nikamwambia. Shavu.
Mwanga sawa kulia, sawa kushoto.

"Unaona nini?"
"Ncha, mjomba. Kali."
"Na mbele yake?"
"Sijui. Doa."
"Vizuri," nikasema. "Toa nusu."

Mimi nikabaki nikilitazama sikio.
Linapunga.
Linapunga.