Nywila ya Okiror

Mbale, saa nane usiku. Umeme umerudi,
seva imeamka, haimtambui mtu.
Siku mia tisa hatukuizima;
tuliiogopa kama mama mkwe.

Wamimbi anapuliza vumbi kwenye feni.
"Nywila ya ruti?"
Kimya. Aliijua Okiror peke yake,
na Okiror aliacha kazi, analima vitunguu Kumi.

Tunampigia. Anacheka mpaka mbwa wake wanabweka.
"Mmejaribu kuizima na kuiwasha?"
"Okiror, wagonjwa watataka kadi zao asubuhi."
Anakohoa. Anataja herufi moja moja,
zote ndogo, bila nafasi:

nitalipwalini

Nambozo anaandika, taratibu.
Inafunguka.
"Tuibadilishe?" anauliza Wamimbi.
Nambozo anatazama kalenda ukutani.
"Mwezi wa tatu huu. Iache."