Hatua Tatu

Mimi dereva tu. Mzigo wangu wa kawaida ni vigae,
pengine friji mbovu. Leo nina masanduku tisa
yenye matundu ya ukubwa wa kidole,
na ndani ya kila moja giza, majani ya msonobari,
na kwale mkubwa mweusi, kimo cha bata mzinga,
asiyesema kitu.

Gunvor aliwanasa kwa wavu, kwao Uswidi.
Miaka arobaini aliwawinda; bega lake la kulia
limeshuka kwa kuzoea bunduki.
Hatukuwa na lugha. Alinichorea kiganjani
namba saba, joto lisizidi hapo,
na kona, na konokono.

Kwenye feri ya Karlskrona nililala garini.
Mlinzi akagonga kioo: mzigo gani?
Nikamtolea karatasi kumi na moja, mihuri ya nchi mbili.
Akatega sikio kwenye tundu,
akasikia pumzi.
Akazima tochi.

Ng'ambo ya Mto Nysa, Henrike kapiga simu mara tatu:
Wajerumani wameng'oa uzio wa waya, kilomita nzima,
maana ndege hawa huruka chini, kwa kasi, na waya hawauoni.
Akivuka, ni wetu, anasema. Akirudi, wenu.
Akifa, tusiulizane.

Sasa niseme la baba.
Sebuleni kwetu, juu ya televisheni,
yuko jogoo aliyejazwa pamba,
mkia wazi kama karata mkononi mwa mlevi.
Baba alimpiga mwaka niliozaliwa.
Tangu hapo msitu wetu wa Poland haujasikia mwingine.
Simwiti wa mwisho. Baba ndiye amwitaye hivyo,
na zamani alilisema kwa majivuno.

Alinifundisha: jogoo huimba kabla hakujapambazuka.
Kwanza tk, tk, kucha juu ya kikombe,
halafu mbio, halafu po! kizibo cha chupa,
halafu kisu kwenye jiwe la kunolea.
Kisu kikinolewa, sekunde tatu, nne, ndege ni kiziwi.
Hapo ndipo unatembea. Moja, mbili, tatu. Ganda.
Mguu ukiwa hewani, na ubaki hewani.
Sikio la kufa halisikii dawa;
la huyu halisikii buti.

Tulifungua masanduku mimi na Halszka, bwana miti wetu,
maana cheo hicho hakina jina la mwanamke.
Wanane waliruka kwa kishindo, theluji ikatumwagikia.
Wa tisa alikataa. Tulimaliza chai, tukamaliza mkate,
ndipo akatoka kwa miguu, akatukagua
kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi.

Mbweha alikula wawili. Mmoja kipaza mawimbi chake kilinyamaza.
Februari, ujumbe wa Henrike:
Wenu yuko kwetu. Anakula.

Aprili, saa kumi alfajiri, mimi na daftari.
Tk. Tk.
Po!
Miguu ikakumbuka kabla yangu.
Moja, mbili, tatu. Niliganda nikiwa na goti juu,
na bega langu, lisilobeba kitu, liliwasha.

Baba alikuwa garini, pembeni mwa msitu,
kioo amekishusha, baridi yote inaingia.
Hakuuliza wangapi.
"Uliganda?"
Niliganda.
"Mguu?"
Hewani, baba.
Akapandisha kioo.