Kumi na Mbili za Mwanzo

Mlango wa ofisi ya ushirika, hapa Tukuyu,
haufungi vizuri tangu Machi; mbao imekunywa mvua.
Ukungu unaingia bila hodi, unakaa mezani
kati ya mhuri na chupa ya chai ya Mama Sekela.
Nami nina mashine mbili mbele yangu
na tarehe moja: 05/06.

Ile nyeusi inasema: tarehe tano, Juni.
Ile ya Gwamaka, aliyotumiwa na kaka yake toka ng'ambo,
inasema: Mei, tarehe sita.
Zote zinasema bila kupepesa macho.

Kilo arobaini na moja za majani mabichi
za Anyelwisye Mwakalobo,
alizochuma na koti la mvua lililopasuka kwapani,
zimerudi nyuma mwezi mzima,
zimeingia Mei, na Mei tulishaifunga,
tumeilipa, tumeigonga mhuri.

Jana alikuja na kikaratasi cha mzani
kimekunjwa mara nne.
"Kompyuta imesema sikuchuma?"
Hapana mama, imesema ulichuma zamani.
"Zamani ipi? Siku ile ile
walipomzika mume wa Tupokigwe!"

Hiyo ndiyo tarehe isiyo na mkwaju katikati.

Nisiicheke sana mashine.
Mimi mwenyewe huamka saa kumi na mbili
mshale mfupi ukiwa kwenye sita.
Wiki yangu huanza Jumamosi, jina lenyewe linakiri,
na kalenda ya ukutani huanza Jumatatu.
Sijawahi kuchelewa kanisani kwa sababu hiyo.
Ila mimi najua kwamba ninahesabu mara mbili.
Yenyewe haijui.

Tarehe kumi na tatu ikifika, uongo unakwisha:
hakuna mwezi wa kumi na tatu,
mashine inakwama, inapiga kelele, inasalimu amri.
Kumbe shida ni kumi na mbili za mwanzo.
Siku kumi na mbili za ukungu kila mwezi,
ambamo mchuma chai na mwezi wake
wanaweza kubadilishana viti
na hakuna wa kuona.

Usiku nikaandika skripti fupi, mistari tisa.
Sikuiambia iulize, "Wewe ni wa wapi?"
Mgeni haulizwi hivyo kabla hajala.
Niliiambia impe mgeni siku ninayoijua,
Desemba, tarehe thelathini na moja,
na imwombe: iandike kama mnavyoandika kwenu.
Kisha itazame thelathini na moja imekaa kiti gani.

Imekaa mbele: wa huku.
Imekaa katikati: wa kule kwa kaka yake Gwamaka.
Imekaa nyuma, mwaka umetangulia:
watu wa aina hiyo sijakutana nao,
lakini nimewawekea mstari wao.

Ya Gwamaka ikaweka thelathini na moja katikati,
kwa upole, kama mtoto anayetaja jina la baba.
Sikuweza kuikasirikia.
Nikageuza safu nzima ya Juni.
Kilo zikarudi moja moja: za Anyelwisye,
za Lusajo, za yule bubu wa bondeni
ambaye hakuja kudai
na huenda asingekuja kamwe.

Leo nimekuja ofisini ingawa ni sikukuu.
Mvua nyembamba, mji umelala.
Nimewasha zote mbili, ubavu kwa ubavu,
kabla ya kuendesha chochote.
Zimeandika 07/07.
Sabasaba.
Soma toka kushoto, soma toka kulia,
mkwaju umesimama bila kazi.

Mwezi ujao Nanenane, watu watashuka Uyole
kutazama ng'ombe na matrekta.
Tisa Septemba pia, nimehesabu.
Siku kumi na mbili kwa mwaka hakuna ugomvi.

Kwenye vocha ya Anyelwisye nimeandika kwa kalamu,
kwa maneno, neno "Juni" nimelipigia mstari.
Wino umesambaa kidogo. Ni unyevu.