Faini ya Kitabu cha Ndege

Miaka kumi na tisa nililinda kimya
katika chumba cha mabati nyuma ya shule, Kaloleni.
Asubuhi nilisogeza tarehe ya mhuri kwa ukucha,
wino ukanitia zambarau kidoleni,
hata ugali wa mchana niliula na siku ya kurudisha.

Wenzangu waliwajua watoto kwa majina ya baba zao.
Mimi niliwajua kwa walichoazima:
Kageha, mapishi. Hibo, nyota na sayari.
Na yule mdogo, Nyambane, soksi moja, rafu ya 598,
ndege.
Wale wa manyoya, si zile za Wilson.

Kisha yakaja masanduku, thelathini.
Rafu zangu zikapigwa msumeno, zikawa meza za kompyuta,
na seremala akaniuliza, bila ubaya wowote,
"Mama, na wewe watakuweka wapi?"

Nikajiweka mwenyewe.
Jumamosi, ghorofa ya nne, lifti imekufa,
nikijifunza pamoja na vijana walioniita shosho.
Faili ikinipotea kwenye skrini
niliinama kuitafuta chini ya meza,
desturi ya mtu aliyezoea vitu vyenye uzito.
Wakacheka. Nikacheka pia, nikiwa nimeinama bado.
Mwezi wa tatu nikang'amua: kumbe ni kabati tu.
Watu hawaweki kitu mahali pake
halafu wanasema mashine imekimeza.
Hilo nililijua zamani.

Siku hizi nafundisha walimu.
Nenosiri la kwanza nawapa mimi, namba ya rafu:
wa upishi 641, wa dini 220.
Wanadhani nimezibuni tu.

Agosti iliyopita, Makadara, somo la majedwali.
Safu ya pili, mwanamume mwenye mvi za pembeni
ananyoosha mkono kama mtoto, kiwiko mezani.
"Mwalimu, mimi nina deni lako."
Nikamtazama miguuni kwanza. Soksi mbili.
"Nyambane," nikasema. "Ndege.
Machi kumi na nne, tisini na saba."

Darasa likatulia, ule utulivu wangu wa zamani.
Basi njoo mbele, nikamwambia, tufanye hesabu.
Safu hii siku. Hii senti hamsini kwa kila siku.
Tukavuta fomula chini, mwaka baada ya mwaka,
siku elfu kumi na kumi na nne.
Shilingi elfu tano na saba!
Wakapiga meza. Mmoja akadai apelekwe Industrial Area.

Yeye hakucheka.
"Nilirudishwa nyumbani kwa karo," akasema, akiangalia kibodi.
"Wiki ileile.
Nikaona nikikirudisha, nimeacha shule.
Nikikaa nacho,
nimechelewa tu."

Feni ya dari ilikuwa na kelele ambayo sikuwa nimeisikia.

Nikanyoosha mkono juu ya bega lake,
nikaenda seli ya juu kabisa, ile ya senti hamsini,
nikafuta, nikaandika sifuri.
Na sifuri zikatua, moja chini ya nyingine,
mpaka mwisho wa jedwali.

"Mnaona," nikawaambia wengine,
na sauti yangu haikunitii vizuri,
"ukibadilisha huku juu, kule chini kunajibadilisha kwenyewe.
Haya. Jaribuni."

Saa nne, kwenye chai, akanifuata na kikombe.
Kitabu kiko kwake, Umoja, jalada limeng'oka,
kurasa za korongo zimeshikwa na gundi ya viatu.
Binti yake ndiye anakisoma sasa,
hajafika hata nusu.

Nikapapasa mkobani kutafuta mhuri,
mazoea tu, niliurudisha stoo miaka mingi iliyopita.
Kidole gumba kikasogea chenyewe hewani.

"Wiki mbili," nikamwambia.