Mikono Iliyozoea Asali

Jagna, uliponiachia kizimba na funguo
ukasema, "Babu, wiki sita tu, hasumbui,"
hukuniambia kwamba mgeni huyu hali keki.

Miaka arobaini na mmoja nimeoka mikate ya tangawizi
hapa Toruń, hatua chache kutoka mtoni.
Aliyefiwa nilimpa kipande, aliyeoa nikampa sinia,
mtoto aliyeanguka na baiskeli mbele ya duka
nilimnyamazisha kwa ncha ya kidole yenye asali.
Nikipenda, mkono huenda wenyewe kwenye kopo la sukari.
Lugha nyingine ya mapenzi sikufundishwa.

Basi usiku wa kwanza, Pyza aliposimama
kwa miguu ya nyuma, vikono kifuani,
kama mjane anayesubiri zamu yake benki,
nilimpa zabibu kavu.
Aliizungusha, akainusa, akaila kwa adabu.
Nikampa ya pili. Ya tano. Nusu lozi.
Siku ya tatu, ukoko wa keki uliobaki kwenye kisu,
mdogo, Jagna, mdogo kama ukucha!

Siku ya nne alijikunyata pembeni,
tumbo limewambwa kama ngoma,
na chini ya kizimba, pale ninapofagia
punje zake nyeusi kila asubuhi,
hapakuwa na cha kufagia.

Nilimbeba ndani ya kofia yangu ya sufu,
tramu ikiteleza kwenye theluji,
nikimwambia mambo ambayo bibi yako
aliyasubiri hadi akafa.

Daktari Wrzosek ana mikono baridi
na macho yasiyo na mzaha.
Akauliza: "Jana kala nini?"
Watu husema mla ni mla leo, jana imekwisha.
Kwa chinchila, jana haiishi.
Imo tumboni, inachacha, inavimba,
naye hakuumbwa na njia ya kuitapika.

"Nyasi," akasema daktari. "Nyasi kavu, mlima wa nyasi.
Peleti kijiko kimoja. Maji safi. Halafu nyasi tena."
"Na sikukuu?"
"Nyasi."
Akaniona nilivyonywea, akalegeza kidogo:
"Tunda moja la waridi-mwitu, lililokaushwa. Moja, bwana.
Au kijiti cha mtufaha, atafune, meno yake hayaachi kuota."

Nilinunua mifuko mitatu ya nyasi
nikaimwaga mezani, pale pale nilipokandia unga.
Wa kwanza ulitoa vumbi, nikapiga chafya.
Wa pili ulikuwa na harufu ya ghala lililovuja. Nje!
Wa tatu nilipouinusia
ulikuwa Julai, ulikuwa mbuga nyuma ya nyumba ya mama,
kijani bado, mabua marefu yenye masuke.
Kumbe pua yangu haikustaafu.

Mzee Gniewomir wa ghorofa ya chini
alinikatia matawi ya mtufaha wake, usiopigwa dawa.
Akataka kuniongezea ya mcheri; nikakataa kwa kiburi
cha mtu aliyejifunza jambo juzi.
Nikayasugua, nikayachemsha, nikayakausha jikoni
kwenye tanuri lililonilisha maisha yangu yote.
Jirani akabisha mlango: "Umeoka nini leo?"
"Vijiti," nikasema.
Bado ananisimulia mtaani.

Sasa usiku simsikii akilia njaa ninayoiwaza mimi.
Namsikia akitafuna: kr, kr, kr,
bua baada ya bua, hana haraka,
mnyama wa milima mikavu
ambaye ukavu kwake ndio karamu.

Zabibu zimebaki. Nazila mwenyewe
nikiwa nimekipa kizimba mgongo.

Wiki ya sita ni hii. Usiharakishe.
Keki yako ipo, yake imo kwenye mfuko wa tatu.
Jana alikipokea kijiti, akakiweka chini,
akanilamba kidole.
Nilikuwa nimenawa mara mbili.
Sijui alitafuta nini pale.