Foleni

Mlango wa ishirini na tano umefungwa.
Nimebisha tangu adhuhuri, hakuna aliyeitika.
Huku Ganjoni feni inazungusha joto lile lile,
na seva, ndani ya kabati lililokuwa la mafaili,
imezifumbata barua mia nne na kumi na mbili
kama mtoto aliyetumwa dukani,
hela mkononi, kasahau alichotumwa.

Zote zasema neno moja: Tumepokea.
Tumepokea, Bi Mwanasiti wa Majengo, mita yako yazunguka bila maji.
Tumepokea, Bwana Karisa, bomba la Kisauni limekuwa chemchemi.
Wiki tatu tumepokea,
na hakuna aliyeambiwa.

Namwambia Shekue simuni: jaribu mia tano themanini na saba.
Nywila?
Ile ile.
Ile ile ipi?
Ya zamani. Na hiyo ya zamani
aliondoka nayo Mbarak, akenda zake Doha.

Saa tano usiku Mbarak ajibu, herufi kwa herufi:
K kubwa, alama ya dola, mwaka aliozaliwa mwanawe.

Ikapita.

Foleni ikayeyuka: mia nne, mia mbili, tisa, sufuri.
Nikamaliza kahawa chungu iliyokwisha poa,
nikacheka peke yangu kama mwizi.

Saa sita kasorobo, jibu la kwanza. Bi Mwanasiti:
"Ndiyo mwapokea leo? Mimi nishahama, nyie!
Nisalimieni hiyo mita."

Seva, kwa adabu zake, ikamfungulia tiketi mpya,
nambari mia nne na kumi na tatu,
ikamjibu papo hapo:
Tumepokea.