Udongo wa Paa

Julai iliyopita nilifika Mvumi
na mkate, sukari kilo mbili,
na kikohozi nilichookota dirishani kwangu, Mtumba,
ambako watu mia kwa siku huniuliza habari za viwanja
na kunipigia chafya usoni.
Nilidhani ni vumbi.
Mwezi ule, upepo ukishaanza kuhamisha nyua,
Dodoma nzima husema ni vumbi.

Siku ya nne mama alishindwa kuita mbuzi.
Yeye, ambaye sauti yake huvuka korongo,
alinyoosha mkono tu,
mbuzi wakamtazama.
Siku ya sita tulimbeba.
Usiku tisa wodini, pumu na mafua vikigombea kifua kimoja,
nami kwenye benchi nahesabu:
mkate, sukari, kikohozi.
Mkate, sukari, kikohozi.

Sasa ni Mei mwanzoni. Uwele uko kichanjani,
baridi haijashuka.
Nesi Sechelela anafungua kisanduku cha barafu.
"Mbona mapema? Siumwi," asema mama.
"Ndiyo maana."
"Na nilishachanjwa, enzi za ndui."
Anaonyesha kovu la bega: moja, la maisha.
Nesi anaeleza virusi vya mafua,
namna vinavyobadili sura mwaka hadi mwaka;
mama anatazama mlango.

Nami, nisiyejua mwili, namuuliza:
"Paa la tembe ulilikandika lini?"
"Oktoba. Kila Oktoba."
"Si ulilikandika mwaka juzi?"
Ananitazama kama niliyeuliza
kwa nini tunakula tena leo.
"Udongo wa mwaka juzi ulikwenda na mvua ya mwaka juzi.
Na hukandiki matone yakishaanza.
Udongo unataka siku zake ukauke."

"Wiki mbili," nesi anadakia.
"Mwili nao unataka kama wiki mbili."

Kimya. Nje, punda anajikuna kwenye nguzo.

"Na hiyo yako haivuji?"
"Huvuja," asema Sechelela, hakudanganya.
"Mafua mengine yatapita, hata haya yenyewe yanaweza.
Ila tone kwenye sufuria
si sawa na paa zima kukuangukia usiku."

Mama anakunja mkono wa blauzi,
bega lile lisilo na kovu.
Kisha anaukunjua.
"Aanze huyu," ananinyooshea kidole.
"Ndiye aliyeniletea."

Nikafungua vifungo vya shati.
Sindano ilikuwa fupi kuliko aibu yangu.

Jumamosi hii, Juni inakwisha,
upepo umeamka na vumbi lake,
abiria wawili wamekohoa tangu mjini.
Nashuka na mkate, na sukari.
Bega lilishasahau siku nyingi.
Paa bado sijaliona,
lakini ng'ambo ya korongo
kuna mtu anawatukana mbuzi,
mmoja mmoja, kwa majina yao,
bila kupumzika.